Ngoma Ivumayo na Neno Lisilosikika

Vijana wa zama hizi wametwaa kazi iliyokuwa ya majumba makubwa wakaiingiza katika chumba cha kulala. Kompyuta moja, programu moja, visikizio vya masikioni na kinanda kidogo vyatosha kuzaa wimbo ambao miaka 50 iliyopita ungalihitaji studio, mafundi na fedha nyingi. Jambo hili lastahili kushukuriwa. Walakini wimbo huo utokapo chumbani na kusikilizwa penginepo, aghalabu huonekana kupungukiwa: besi huvimba kama mto wa masika, sauti ya mwimbaji huzama, na masikio huchoka kabla ya wimbo kwisha.

Juu ya upungufu huu pamezuka makundi mawili ya washauri. Kundi la kwanza husema kuwa ubovu wa muziki huu ni umaskini wa vyombo. Basi kijana na anunue. Kundi la pili husema kuwa ubovu huo ndio uzuri wenyewe. Basi kijana na aachwe. Makundi haya hushindana kwa ukali, lakini yana mwafaka mmoja usiotamkwa: yote mawili humwondolea mtunzi wajibu wa kusikiliza. Makala haya yanayapinga yote mawili.

Kabla ya kupinga ni haki kueleza. Kazi inayobishaniwa ina sehemu mbili. Ya kwanza ni uchanganyaji, yaani kuzipatanisha sauti za wimbo, ngoma, besi, kinanda na mwimbaji, hata kila moja ikapata mahali pake, kiasi chake na zamu yake. Ya pili ni ukamilishaji: wimbo uliokwisha kuchanganywa husikilizwa kwa mara ya mwisho, hurekebishwa kidogo, na hutayarishwa kwenda kwa watu. Msomaji wa vitabu hana haja ya kuona ugeni hapa. Uchanganyaji wafanana na kazi ya mwandishi apangaye sura zake. Ukamilishaji wafanana na kazi ya msahihishaji apitiaye mswada kabla haujapigwa chapa. Hapana msahihishaji awezaye kukigeuza kitabu kibovu kuwa chema, na hapana ukamilishaji uwezao kuuokoa wimbo uliochanganywa vibaya. Hata hivyo wapo wengi wautazamiao muujiza huo, na wapo wengine wengi walio tayari kuwauzia.

Tuhuma ya umaskini wa vyombo yajibiwa na historia. Katika miaka ya 1950 Rudy Van Gelder, ambaye riziki yake ya mchana ilikuwa kupima macho ya watu, alirekodi muziki wa jazi sebuleni kwa wazazi wake katika mji wa Hackensack, Marekani. Rekodi hizo hata leo huhesabiwa miongoni mwa zilizo bora za karne ya 20, na fundi huyo hakuihama sebule ile mpaka mwaka 1959. Osbourne Ruddock, ajulikanaye zaidi kwa jina la King Tubby, alikuwa mtengenezaji wa redio na vyombo vya umeme katika mtaa wa Waterhouse mjini Kingston, Jamaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika studio ndogo ya nyumbani kwake, alitwaa nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na wengine akazipa umbo jipya kwa njia ya kuondoa: aliondoa mwimbaji, akaiacha besi, aliondoa besi, akauacha mwangwi. Meza yake ya kuchanganyia ilikuwa na nyimbo nne tu za kurekodia, ilhali kompyuta ya mwanafunzi wa leo yaweza kubeba mia. Sanaa iitwayo dabu ilizaliwa katika uhaba huo, na muziki wa kielektroniki wa dunia nzima ungali unakula urithi wake.

Mfano wa karibu zaidi hutajwa kila siku, lakini hutajwa nusu. Mwaka 2019 Billie Eilish na kaka yake Finneas O'Connell walitoa albamu waliyoitengeneza kwa sehemu kubwa katika chumba cha kulala cha nyumba ya wazazi wao mjini Los Angeles. Mwaka 2020 albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka, na pia tuzo ya ufundi wa sauti. Hii ndiyo nusu inayotajwa. Nusu isiyotajwa ni kwamba uchanganyaji wake ulikabidhiwa kwa Rob Kinelski, na ukamilishaji kwa John Greenham. Chumba hakikuwa kizuizi. Lakini waliolala na wimbo huo miezi mingi walijua kuwa masikio yao yamekwisha kuuzoea, wakaupeleka kwa masikio mapya. Mchagua jembe si mkulima, na mkulima mwenye busara humwita jirani alitazame shamba lake.

Ikiwa vyombo havina lawama, lawama ni ya nani? Sehemu moja ni ya ukuta. Sauti husafiri hewani kadiri ya mita 343 kwa sekunde. Besi yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa karibu mita 7. Na chumba chenye urefu wa mita 3 na nusu hulingana na nusu ya wimbi hilo. Wimbi hugonga ukuta, hurudi, na kukutana na lenyewe: karibu na kuta besi huongezeka, na katikati ya chumba karibu hutoweka. Kijana aliyeweka kiti chake katikati haisikii besi, huiongeza, bado haimtoshi, huiongeza tena. Wimbo utokapo nje, besi yote aliyoiongeza kwa ajili ya ukuta wake huwaangukia watu wasio na ukuta huo. Ndipo huambiwa anunue spika kubwa zaidi, na spika kubwa zaidi huzidisha ugonjwa ule ule. Kumbe dawa ya kwanza ilikuwa kukiondoa kiti katikati, na kukiondoa kiti hakugharimu hata senti. Dawa ya pili ni godoro lililosimamishwa pembeni, kabati lililojaa nguo, rafu iliyojaa vitabu. Sponji nyembamba zinazobandikwa ukutani kwa fahari hunyonya sauti nyembamba peke yake, nazo huiacha besi ikizunguka chumbani kama mgeni asiyejua mlango. Na pale ambapo chumba hakirekebishiki, visikizio vya masikioni vya bei ya wastani, vilivyozoewa kwa kusikiliza kazi njema za wengine, humwambia mtunzi ukweli mwingi juu ya besi ambao ukuta wake ulimficha.

Sehemu ya pili ya lawama ni ya sikio lenyewe. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wachunguzi wa Marekani, walionyesha kwa vipimo kuwa sikio la mwanadamu halizisikii sauti zote kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, besi hupungua masikioni kuliko sauti za kati, sauti ikikuzwa, upungufu huo hufidiwa. Maana yake ni kuwa wimbo ule ule, bila kuguswa hata chembe, huonekana mnene na mtamu zaidi ukikuzwa. Hapo ndipo ulaghai wote ulipopata mlango. Kijana huongeza chombo kipya katika programu yake, chombo humkuzia sauti kidogo, naye husema, "Sasa umependeza." Haukupendeza, umekua. Mwenye kutaka kujua ukweli hana budi kuzisawazisha sauti mbili, ile ya kabla na ile ya baada, kisha ahukumu. Nusu ya mapambo yanayonunuliwa yangeanguka katika mtihani huo. Tena hana budi kufanya kazi kwa sauti ya kiasi, kiasi cha watu wawili kuweza kuzungumza juu yake. Wataalamu wa afya ya kazi huhesabu kuwa desibeli 85 kwa saa 8 ni mpaka wa usalama, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu. Kwa desibeli 94 saa moja humaliza haki ya siku nzima. Spika iliyopasuka huuzwa dukani. Sikio haliuzwi.

Kutoka katika ulaghai huo wa sikio ulizaliwa ushindani mkubwa wa ukelele, ambao umeharibu muziki wa matajiri kabla ya kuharibu wa maskini. Sahani za CD ziliingia sokoni mwaka 1982, nazo zilikuwa na dari: sauti haiwezi kupita kiasi fulani. Basi wale waliotaka wimbo wao uvume kuliko wa jirani walibuni njia ya kuidanganya dari. Kwa vyombo viitwavyo kompresa na limita vilele vya sauti hubanwa, kisha wimbo mzima huinuliwa, hata mahali pa mnong'ono na mahali pa mlio pakawa karibu sawa. Vyombo hivi si viovu. Vikitumiwa kwa kiasi hutuliza mwimbaji mwenye pumzi zisizo sawa na huzipa ngoma uzito. Uovu ni kuvitumia kwa husuda. Mwaka 2008 bendi ya Metallica ilitoa albamu Death Magnetic, nayo ilibanwa hata maelfu ya wapenzi wake wenyewe wakatia saini malalamiko. Baadhi yao waligundua kuwa nyimbo zile zile, zilizotiwa katika mchezo wa video, zilisikika kwa uhai zaidi kwa kuwa hazikubanwa kiasi kile.

Wahandisi hawakunyamaza. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano ya simu, ITU, lilitoa kanuni ya kupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, na mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU, ulitoa agizo lililojengwa juu ya kanuni hiyo. Huduma za kusikilizia muziki kwa intaneti zilifuata. Spotify, kwa desturi yake isipobadilishwa na msikilizaji, huzileta nyimbo karibu na hasi 14 katika kipimo kiitwacho LUFS. Sasa na atazamwe kijana aliyeubana wimbo wake mpaka hasi 6. Huduma huushusha desibeli 8. Ukubwa alioutafuta umenyang'anywa, na vilele alivyovikata havirudi. Karibu na wimbo wa mwenzake aliyeacha nafasi ya kupumua, wake husikika bapa na mchovu. Mshindani huyu amelipa bei asipewe bidhaa. Wahenga walisema kuwa ngoma ivumayo haidumu. Vipimo vya leo vimeongeza kuwa haivumi hata sasa.

Yawezekana mpinzani akajibu kuwa wimbo wa kucheza haukutungwa kwa ajili ya huduma hizo. Hutungwa kwa ajili ya uwanja, harusi na mtaa, mahali pasipo na mizani ya kushusha sauti, na mchezeshaji wa muziki ataudharau ulio mdogo. Hoja hii ina uzito wake, wala si haki kuipuuza. Lakini mchezeshaji ana kitasa cha kukuza sauti chini ya kidole chake, na vikuza sauti vya uwanjani vina nguvu kuliko kompyuta ya mtu yeyote. Kinachomkosesha mchezeshaji raha si udogo wa wimbo bali ni ngoma isiyo na mgongo. Na ngoma hukosa mgongo kwa kuwa kilele chake, yaani lile pigo la kwanza ambalo mwili hulijibu, kimebanwa hata kikalingana na kelele iliyokizunguka. Wachezaji huitikia tofauti kati ya pigo na kimya, na aliyekiondoa kimya amewanyang'anya pigo.

Sasa ni zamu ya kundi la pili, ambalo lugha yake ni tamu zaidi na kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi. Muziki wa singeli ulikua katika mitaa ya Dar es Salaam kama vile Tandale na Manzese, kwa kompyuta za kawaida na kwa mwendo wa mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo Sounds of Sisso, wenye kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na masikio ya Ulaya yakageuka kusikiliza. Sifa zilizofuata zilistahili. Lakini miongoni mwa wasifiaji wamo wanaouhimiza muziki wa namna hii ubaki na kila mkwaruzo wake, eti kuurekebisha ni kuufanya wa Kizungu.

Ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo watu hawa huyachanganya. Ukali uliochaguliwa ni mtindo; ukali uliotokea kwa bahati ni ajali. Mtunzi anayeipasua sauti kwa makusudi, akajua kwa nini, hana wa kumwuliza. Lakini ngoma iliyopasuka kwa sababu mtunzi hakuisikia ikipasuka haimwakilishi yeye wala mtaa wake. Tena mwendo wa singeli wenyewe wadai usafi kuliko muziki wowote wa polepole. Kwa mapigo 240 kwa dakika, kati ya pigo na pigo pana robo ya sekunde. Besi yenye mkia wa nusu sekunde huwa haijanyamaza pigo la pili limekwisha kuingia, na la tatu linabisha hodi. Kuufupisha mkia huo si kuiga London. Ni kuyatii mahitaji ya singeli.

Kisha liko jambo la lugha, ambalo msifiaji wa mbali hawezi kuliona. Kiswahili kina irabu tano tu, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Irabu ndizo zenye nguvu ya mlio. Konsonanti, zilizo dhaifu, ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya tofauti za maana. Paka, taka, shaka na chaka yana irabu zile zile kwa mpango ule ule; kinachoyatenga ni mpasuko mfupi au mvumo mdogo wa ulimi mwanzoni. Milio hiyo midogo kwa sehemu kubwa huishi kati ya Hezi 2,000 na 8,000, na hapo hapo ndipo matoazi na vinanda vikali vya kompyuta hupenda kujipanga. Vikiachwa vitawale, msikilizaji hupata a-a, a-a, na paka hajulikani na shaka. Mghani wa singeli husema kwa kasi, husema mengi, na mara nyingi husema ya maana: kodi ya chumba, mapenzi ya uongo, ubabe wa mtaa, dhihaka kwa wakubwa. Msifiaji asiyejua Kiswahili hakosi kitu maneno hayo yakizama, kwa kuwa kwake yalikuwa mlio tangu mwanzo. Anayekosa ni mwenye lugha. Kwa hiyo mgeni akisema kuwa ukelele wote ni uzuri, anatoa sadaka mali isiyo yake.

Dawa ya jambo hili yaonyesha dawa ya kazi nzima. Mtunzi asiye na uzoefu, aonapo neno halisikiki, humkuza mwimbaji. Kinanda kikimezwa, hukikuza kinanda. Ngoma ikidhoofika, huikuza ngoma. Mwisho wote wamefika darini na hapana aliyesikika. Fundi hufanya kinyume. Humpunguza kinanda pale tu penye konsonanti, na pale tu mwimbaji anapoimba, kisha humrudishia nafasi yake mwimbaji anaponyamaza. Huuliza kati ya ngoma kubwa na besi nani mwenye ghorofa ya chini, na mmoja humpisha mwenzake. Huondoa mvumo wa chini katika sauti zisizouhitaji. Husikiliza wimbo wake katika redio ndogo, katika simu yenye spika moja, na ndani ya daladala, kwa kuwa huko ndiko wimbo utakakoishi. Na sauti iliyotanuliwa vibaya kushoto na kulia huweza kujifuta yenyewe pande zote mbili zikikutanishwa katika spika moja. Baada ya hayo huuacha wimbo ulale usiku mmoja au miwili, kisha humpa mwingine ausikilize. Hapana hata kimoja katika hivi kinachopatikana kwa kununua.

Gharama ya kupuuza haya haimwangukii mtunzi peke yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar mpaka Bombay kurekodiwa santuri. Vyombo vya siku zile vilikuwa duni mara nyingi kuliko simu ya mkononi ya leo, na mikwaruzo imezijaa sahani hizo. Lakini sauti yake imesimama mbele ya udi na fidla, na mwanafunzi wa lugha aweza hata sasa kuinamisha sikio akayafuata maneno yake. Fikra na ichukue mwanafunzi wa mwaka 2120 anayetafuta Kiswahili cha mitaa ya Dar es Salaam cha siku hizi. Hatakipata katika kamusi. Atakitafuta katika singeli na katika jamii yake, na kama kilichobaki ni nakala zilizobanwa mpaka darini, basi karne ya vyombo bora itakuwa imemwachia urithi mbaya kuliko karne ya sindano na nta. Kilele kilichokatwa na limita hakirudi kwa sala wala kwa programu. Kompyuta huibwa, huungua, huuzwa. Basi kila mtunzi ana wajibu wa kuweka nakala mbili mahali pawili: moja aliyoipeleka kwa watu, na nyingine isiyobanwa, pamoja na sauti moja moja za wimbo. Vyuo vinavyojidai kuhifadhi lugha vina wajibu wa kuzipokea, maana ghala lenye diwani za kale na lisilo na sauti za leo ni ghala lililofungwa mlango mapema.

Wenye kuuza vyombo wataendelea kuuza, na wenye kusifu kwa mbali wataendelea kusifu. Wa kwanza humwambia kijana kuwa hawezi mpaka anunue. Wa pili humwambia kuwa hana haja ya kuweza. Maneno yote mawili ni matusi, ijapokuwa moja limevishwa nguo ya ushauri na jingine nguo ya heshima. Heshima ya kweli ni kumdai mtu kadiri ya uwezo wake. Kijana aliyejifunza peke yake kuyapanga mapigo 240 katika dakika moja ameonyesha uwezo usio haba. Hashindwi kujifunza kukisogeza kiti, kupunguza kinanda, kushusha sauti na kungoja mpaka asubuhi. Debe tupu haliachi kuvuma, na hakuna aliyewahi kulishinda kwa mvumo. Mwenye neno la kusema na alifanyie nafasi lisikike.